Je, ni Uvivu au ni Ugonjwa?



Katika mtaa wetu tumezoea kuwapima watu kwa wepesi wa miguu yao. Anayefika kanisani mapema, akapanga viti na kufua vitambaa vya altare kabla jua halijapanda, huyo twamwita mtu wa bidii. Anayechelewa na kukaa nyuma akipiga miayo, huyo twamwita mvivu, wala hatuoni haja ya kuuliza zaidi. Mwezi huu twataka kuwaeleza habari iliyotupata sisi wanakwaya wenyewe, maana imetuonyesha kwamba mizani yetu haikuwa sawa.

Habari yenyewe ni ya mama mmoja wa kwaya yetu. Ametupa ruhusa kuieleza, ila jina lake tumeliacha. Ameyasoma maneno haya kabla ya kuchapwa, na mahali pawili ametusahihisha.

Mwaka 2016 mama huyu alikuwa mweka hazina wa kwaya na mwimbaji wa sauti ya kwanza. Hapakuwa na mtu aliyemshinda kwa kazi. Aliamka saa tisa za usiku, na kulipopambazuka alikuwa amekwisha kufagia kwake, kufua, na kuteka maji ya kanisa. Wageni walipokuja, yeye ndiye aliyepika. Katika taarifa yetu ya mwaka tuliandika kwamba kama kila mshirika angekuwa na nusu ya bidii yake, paa jipya la kanisa lingekwisha kuezekwa zamani. Taarifa hiyo ilisomwa mbele ya watu wote, nao wakapiga makofi.

Yako mambo tuliyoyaona lakini hatukuyatia maanani. Alikula sahani mbili na bado alikonda. Vidole vyake vilitetemeka alipohesabu fedha. Alitoka jasho mwezi wa Julai, wakati sisi tumejifunika shuka. Macho yake yalikuwa yamekodoka kama ya mtu aliyeshtuka, na neno dogo lilimwasha hasira. Sisi tulisema, "Mama yetu ana moto wa kazi." Kumbe moto ulikuwa moto kweli.

Mwezi wa Mei 2017 alianguka mazoezini. Alipofikishwa hospitali moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa mtu aliyekimbia, ingawa alikuwa amelala kitandani. Wakampima damu, wakasema ni tezi.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Mbele ya koo, chini ya kile kifundo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Waganga huiita thairoidi. Kazi yake ni kuchukua iodini, ile ambayo kwenye pakiti za chumvi huandikwa madini joto, na kuitengenezea homoni zinazokwenda mwilini mwote kuuambia moyo, matumbo, misuli na ubongo viende kwa mwendo gani. Homoni zikizidi, kila kitu hukimbia. Zikipungua, kila kitu hukokota. Kwa mama huyu kinga za mwili wake zilikuwa zimekosea njia. Badala ya kupigana na maradhi, ziliishika tezi na kuiamuru ifanye kazi bila kupumzika. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Robert Graves, mganga wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835.

Njia za kuutibu ni tatu. Kuna vidonge vya kuituliza tezi, kuna kuikata, na kuna iodini yenye mionzi. Njia hii ya tatu ilianza kutumika Boston, Marekani, mwaka 1941, na ni ya ajabu kwa urahisi wake. Mgonjwa humeza iodini hiyo. Tezi, ambayo haiwezi kutofautisha iodini hii na ile, huivuta kwa uchu kama ilivyozoea, na mionzi huichoma tezi kutoka ndani. Kila baada ya siku 8 nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu.

Mama yetu alianza kwa vidonge, na mwanzoni mwa mwaka 2018 akapelekwa Dar es Salaam kupewa iodini hiyo. Aliporudi alilala peke yake siku kadhaa na hakumbeba mjukuu wake, kama alivyoagizwa, ili mionzi isiwadhuru wengine. Majirani waliona ametengwa, wakasema maneno. Hayo nayo yalipita.

Lakini tezi iliyochomwa haiwezi tena kutoa homoni za kutosha. Wala msidhani kwamba hilo ni kosa la mganga. Kwa wagonjwa wengi ndilo linalotazamiwa, na mara nyingi huonekana katika mwaka wa kwanza. Waganga hukubali kuubadili ugonjwa mmoja kwa mwingine, kwa sababu ule wa kwanza huweza kuuharibu moyo, na huu wa pili una dawa iliyo nyepesi: kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yote. Sharti lake ni moja tu, kwamba mtu arudi kupimwa damu.

Alirudi mara ya kwanza, na vipimo vikawa vizuri. Baadaye nauli ikawa ngumu. Moyo ulikuwa umetulia, mikono haitetemeki, mwili unarudi, naye akaona amepona. Sisi nasi tukaona hivyohivyo. Tulitoa sadaka ya shukrani kwa ajili yake, tukaimba, tukaifunga habari hiyo kama mtu anavyofunga kitabu alichokwisha kukisoma.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2018 alianza kuchelewa. Aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku sasa aliamshwa na wajukuu jua likiwa juu. Alinenepa. Alisahau maneno ya nyimbo alizoziimba miaka ishirini. Katika joto la Desemba alikuja na sweta. Sauti yake ikawa nzito na yenye kukwaruza, asiweze kuzifikia noti za juu, na mwalimu wa kwaya akamshusha sauti ya pili. Wengine walinong'ona kwamba hafanyi mazoezi. Hesabu zikachelewa miezi miwili, ingawa twapenda ijulikane kwamba hazikupungua hata shilingi moja.

Januari 2019 tulifanya mkutano wa mwaka. Mzee mmoja alimwambia, bila ubaya, "Mama, tangu upone umekuwa mzito mno."

Akajibu, "Ni kweli, wazee wangu. Mwenyewe najiona kama nimebeba mtu mgongoni."

Tukacheka. Kisha tukapiga kura, tukamwondoa katika uweka hazina. Katika kitabu cha mkutano sababu iliandikwa kwa neno moja: uzembe.

Pasaka ya mwaka huo alikuja kwetu binti mmoja muuguzi, mpwa wa mwanakwaya mwenzetu. Baada ya ibada alimsogelea mama yule.

"Shikamoo, mama. Sauti yako imekuwa hivi tangu lini?"

"Marahaba, mwanangu. Wananiambia sifanyi mazoezi."

Binti akamshika mkono, akauona ni mkavu na wa baridi. Akamtazama uso uliovimba chini ya macho. Akauliza kama amewahi kutibiwa tezi. Jumanne yake akampeleka mwenyewe hospitali. Majibu ya damu yalikuwa dhahiri. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ambayo huitumia ile ya shingoni ujumbe wa kuiamsha inapolegea, na ujumbe huo katika damu yake ulikuwa umezidi kiasi mara nyingi. Ubongo ulikuwa ukiita kwa sauti kubwa, na shingoni hapakuwa na wa kuitikia.

Akaanza vidonge, ambavyo ni homoni ileile ya tezi, inayoitwa levothairoksini. Nafuu haikuja kwa siku moja. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kila kipimo kikibadilishwa, ni lazima kungoja wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima damu tena. Lakini Krismasi ya 2019 aliimba nasi. Noti za juu hazikurudi zote.

Hiyo ndiyo habari. Sasa swali.

Jambo la kwanza lililotuchoma ni hili. Tulimsifu kwa sababu ya ugonjwa, kisha tukamlaumu kwa sababu ya ugonjwa. Sifa tuliyoisoma mbele ya watu wote ilikuwa sifa ya homoni zilizozidi, na neno tuliloliandika kitabuni lilikuwa lawama ya homoni zilizopungua. Yeye mwenyewe, mama tuliyemjua miaka ishirini, hatukumsifu wala hatukumlaumu, kwa maana hatukumtazama. Tulitazama mwendo wake tu.

Tulipolijadili jambo hili katika mafundisho ya Jumatano, mwalimu mmoja wa shule alisema, "Ikiwa bidii ni tezi na uvivu ni tezi, basi hakuna mtu mwema wala mbaya. Kesho kila mtu atasingizia tezi yake." Tukanyamaza, maana hoja yake si nyepesi. Kama mwili ndio unaoamua, tumhukumu nani? Tena, tumshukuru nani?

Aliyejibu ni mama mwenyewe. Alisema, "Mwalimu, msinitoe makosa yote. Mwaka ule wa moto nilimpiga binti yangu kwa sababu ya sahani iliyovunjika, na nilimwambia maneno ambayo mama hamwambii mtoto. Moto ulikuwa wa tezi, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilipopata dawa nilimwita, nikamwomba radhi. Sikumwambia ni tezi. Hilo alilisema yeye."

Twaona katika maneno hayo hekima ambayo hatukuipata sisi tuliosoma kuliko yeye. Ugonjwa hueleza kosa, na aliye nje hana budi kuupokea ufafanuzi huo ili apunguze lawama. Lakini yule aliyetenda ana haki ya kusema, "Nilitenda mimi." Tukimnyang'anya haki hiyo kwa huruma zetu, tunamfanya kuwa chombo kilichoharibika, naye ni mtu. Kwa hiyo mizani ni mbili. Ile ya kumpimia jirani yatupasa kuitia huruma nyingi. Ile ya kujipimia wenyewe yatupasa kuitia ukweli. Mara nyingi sisi huzibadilisha: udhuru twajipa wenyewe, na ukali twampa jirani.

Tena liko jambo la pili, alilotueleza mumewe, si yeye. Katika miezi ile ya uzito, tulipokuwa tukimwita mzembe, mama huyu alikwenda kila alasiri kumwogesha mama mkwe wake aliyekuwa hawezi. Njia ambayo zamani aliimaliza kwa robo saa, sasa ilimchukua saa nzima, akipumzika mara tatu. Hakukosa siku. Sisi tulimwona akipita polepole, tukasema, "Tazama alivyo mlegevu."

Hapo ndipo tulipoelewa. Ile bidii tuliyoipigia makofi mwaka 2016 ilimsukuma kama mtelemko unavyomsukuma mpanda baiskeli. Hata angetaka kusimama, asingeweza. Bidii aliyoichagua mwenyewe ilikuwa katika safari ile ya saa nzima, na hiyo hatukuiona, kwa sababu ilikwenda polepole. Mwenye gunia mgongoni na asiye na kitu hawawezi kupimwa kwa nani amefika kwanza. Tatizo ni kwamba magunia mengine hayaonekani.

Alipolisoma fungu hili alitusahihisha. Alisema hata ule mwaka wa moto si kwamba hakuchagua lolote. Nguvu zilikuwa za ugonjwa, lakini angeweza kuzitumia kwa kuuza pombe badala ya kuteka maji ya kanisa. Tumekubali.

Jambo la tatu latuhusu sisi zaidi, nalo ni juu ya kurudi kutazama. Katika mji wa Bern, Uswisi, alikuwako mpasuaji mashuhuri aitwaye Theodor Kocher. Nchi ile ya milima ilikuwa na watu wengi wenye rovu, kama zilivyokuwa nyanda zetu za juu kabla chumvi haijatiwa madini joto. Kocher aliwakata rovu kwa ustadi kuliko wote waliomtangulia. Wagonjwa waliokuwa wakifa kwa wapasuaji wengine, kwake walitoka wazima wakaenda makwao. Angeweza kuishi kwa sifa hiyo hadi kufa.

Ndipo zilipomfikia habari za msichana aliyemwondolea tezi yote mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 11. Alipomwita na kumtazama, aliona amedumaa na akili zake zimelala, na mdogo wake wa kike, aliyekuwa akifanana naye, alikuwa amemzidi kimo. Kocher akaanza kuwaita na wengine. Kati ya 18 walioondolewa tezi yote ambao aliweza kuwachunguza, 16 walikuwa wameharibika. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wenzake akaeleza yote, kwamba kazi yake iliyosifiwa ndiyo iliyowadhuru watu hawa. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Kutokana na ukweli huo watu walifahamu tezi hufanya nini, na dawa ikatafutwa. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, mganga George Murray alimpa mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama yule, aliyekuwa amekwisha kulegea kabisa, aliishi hadi mwaka 1919, akafa ana miaka 74. Kwa ajili yake zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall huko Minnesota, Marekani, alipata homoni yenyewe ikiwa safi. Leo kidonge kimoja kidogo kinafanya kazi ya kondoo wote wale.

Sisi hatukuwa na kisu mkononi kama Kocher. Lakini tulitoa sadaka ya shukrani, tukaondoka. Kushukuru ni kuzuri, kilichotupungukia ni kurudi baada ya miezi sita na kuuliza, "Mama, unaendeleaje kweli?" Uzito wake tuliuona Jumapili hadi Jumapili, na hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza alikuwa mgeni.

Wako waliomwuliza kama kweli amepona, maadam anameza dawa kila siku. Ndugu mmoja alimshauri aviache vidonge ili aonyeshe imani. Yeye alimjibu kwamba hata chumvi huila kila siku na hakuna anayemwambia amekosa imani. Nasi twaona hivyo. Kile ambacho tezi ilikuwa ikimpa kimyakimya, sasa anapewa kwa mkono. Mtu anayepokea kila siku kile anachokihitaji hana aibu yoyote.

Kwa faida ya walio katika hali kama yake, ametuomba tuyaseme haya. Kidonge humezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, na vile vya kalsiamu, vimezwe mbali nacho kwa saa 4, maana huizuia dawa isiingie mwilini. Mama anayejihisi ana mimba amwambie mganga mara moja, kwa kuwa mahitaji huongezeka. Mtu asiache dawa kwa sababu amejisikia vizuri, wala asiongeze ili apunguze unene. Ikizidi, moyo hurudi mbioni na mifupa hudhoofika. Na asimpe jirani. Kula chumvi nyingi ya madini joto hakusaidii kitu kwa tezi iliyokwisha kuchomwa.

Januari 2020, katika mkutano wa mwaka, tulisimama tukamwomba radhi. Tulilifuta lile neno kitabuni kwa mstari mmoja, tukaliacha lisomeke, ili watakaokuja baada yetu waone tulivyokosea. Tulitaka kumrudishia hazina, akakataa. Alisema anayeishika anafanya vizuri, asiondolewe bila kosa. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba tarehe zake za kupimwa damu ziandikwe katika daftari la kwaya, ili mtu amwulize. Tumeziandika, na nauli tunachanga.

Sasa, wapenzi wasomaji, mtazameni yule anayechelewa kila Jumapili katika mtaa wenu. Huenda ni mvivu kweli; wavivu wapo. Lakini kabla hamjaandika neno lolote kitabuni, mwendeeni nyumbani, mkae naye, mwulizeni habari zake, kisha mngoje jibu.

Sisi wenu,
Wanakwaya